Habari za Mishipa ya Damu, na Somo Tulilolirudia



Sisi tuwaandikiao ni walimu watano wa shule moja ya msingi iliyo mteremkoni mwa mlima, katika kijiji ambacho mashamba yake hunyweshwa kwa maji ya mfereji. Kila mwaka huja juma ambalo yatupasa kuwafundisha watoto habari za mishipa ya damu. Mmoja wetu huchora mwili wa mtu ubaoni, mishipa mingine kwa chaki nyekundu, mingine kwa chaki ya buluu. Watoto hunakili, mtihani huja, nao hujibu vema; kisha ubao hufutwa, nasi huhesabu kwamba somo limekwisha. Leo twataka kuwaeleza jinsi tulivyotambua ya kuwa sisi wenyewe tulikuwa hatujalijua somo lile, na hasara iliyotokea kwa sababu hiyo. Lakini hatuna budi kulieleza kwanza somo lenyewe, kwa maana asiyeifahamu mishipa hataona kosa letu lilikuwa wapi.

Watatu miongoni mwetu walifundishwa somo hili utotoni, katika shule hii hii, na mzee mmoja ambaye hatutamtaja jina, kwa kuwa yu hai, naye hapendi kutajwa. Tutamwita Mwalimu, kama kijiji kizima kimwitavyo. Mwalimu hakuanza na ubao. Aliwatoa watoto nje, akapanda nao mpaka mahali ambapo maji ya mto huingizwa katika mfereji, kisha akashuka nao polepole akiwaonyesha jinsi mfereji mkubwa unavyogawanyika kuwa midogo, nayo midogo kuwa vijito vyembamba, hata maji yafike kwenye shina la mgomba mmoja mmoja. Ndipo akawaambia, "Hivi ndivyo damu iendavyo mwilini mwenu." Tena alikuwa na desturi moja: mtoto akikosea hakumpiga wala hakumcheka. Alimwambia neno moja tu, "Rudia," naye mtoto akalirudia somo tangu mwanzo. Tafadhali likumbukeni neno hilo.

Basi, habari ya mishipa ni hii. Moyo wa mtu ni kadiri ya ngumi yake mwenyewe, nao una vyumba 4. Upande wa kulia hupeleka damu mapafuni ikapate hewa ya oksijeni; upande wa kushoto huipokea kutoka mapafuni na kuisukuma mwilini mwote. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake hupiga kama mara 70 kwa dakika, yaani kama mara 100,000 kwa siku moja, usiku na mchana, naye mwenyewe hana habari.

Mishipa ni ya namna tatu. Namna ya kwanza ni ateri, nayo ni mishipa itokayo moyoni. Iliyo kubwa kuliko zote yaitwa aorta. Upana wake hapo itokapo moyoni wakaribia sentimita 3. Hupanda kidogo, hujipinda kama kichwa cha bakora, kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo, ikitoa matawi ya kwenda kichwani, mikononi, tumboni na miguuni. Ukuta wa ateri una matabaka matatu. La nje ni la nyuzi imara zinazoushika mshipa mahali pake. La kati ni la misuli na nyuzi zinazovutika, nalo ni nene, kwa kuwa ndilo lipokealo kishindo cha moyo. La ndani ni laini sana, ili damu ipite bila kukwaruzwa. Moyo ukipiga, ukuta hutanuka. Moyo ukipumzika, ukuta hujirudi na kuisukuma damu mbele. Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa dole gumba, nawe utausikia ukuta huo ukitanuka na kurudi.

Namna ya pili ni kapilari, yaani vishipa vyembamba kuliko unywele. Ukuta wake ni wa tabaka moja tu la chembe hai. Chembe nyekundu za damu, ambazo upana wake ni kama sehemu 7 au 8 za milimita iliyogawanywa mara 1,000, hupita humo moja moja, nazo aghalabu hulazimika kujikunja ili zipenye. Ni humo tu, katika njia hizo nyembamba, ambamo damu huutolea mwili oksijeni na chakula, na kupokea takataka. Ateri kubwa ni barabara tu. Kazi iliyokusudiwa yafanyika katika vichochoro.

Namna ya tatu ni vena, nayo ni mishipa inayoirudisha damu moyoni. Kuta zake ni nyembamba, kwa sababu nguvu ya moyo imekwisha kupungua damu ifikapo huko. Je, damu ya miguuni yapandaje? Ndani ya vena nyingi, hasa za miguu na mikono, mna vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea moyoni tu. Mtu akitembea, misuli ya miguu huzikamua vena, damu hupanda, na kilango hujifunga nyuma yake isirudi. Ndiyo maana mtu asimamaye wima muda mrefu bila kujongea aweza kuanguka na kuzimia: damu imekaa miguuni, ubongo umekosa haki yake. Wala watoto wasidhani kwamba damu ya vena ni ya buluu kwa sababu ya chaki yetu. Ni nyekundu iliyokolea. Ile ya ateri za mwili ni nyekundu ing'aayo. Nayo ikitoka jerahani hutoka kwa kuruka-ruka kufuata mapigo ya moyo, na hapo haifai kungoja: bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, usiachilie, na mgonjwa apelekwe hospitali upesi.

Hapa ndipo mfano wa mfereji unapokoma. Maji ya mfereji huingia ardhini, nayo hayarudi mtoni kwa njia ile. Damu yarudi. Jambo hili twaona leo kuwa rahisi, lakini wenye hekima walipotea njia kwa muda mrefu. Galen, tabibu mashuhuri wa karne ya 2 baada ya Kristo, alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini kutokana na chakula, kisha huenda mwilini na kumezwa na nyama, kama shamba linywavyo maji. Watu wakashika neno lake kwa miaka zaidi ya 1,300. Mnamo mwaka 1242 Ibn al-Nafis, tabibu aliyetoka Damascus na kufanya kazi Misri, aliandika ya kuwa damu hutoka upande wa kulia wa moyo na kufika upande wa kushoto kwa njia ya mapafu, wala si kwa matundu katika ukuta wa moyo kama Galen alivyodhani. Lakini kwa muda mrefu maandiko yake hayakujulikana sana. Mwaka 1924 tabibu mmoja wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliikuta nakala yake huko Berlin, na ndipo sifa yake ilipoenea.

Aliyeuthibitisha mzunguko wote ni Mwingereza, William Harvey, aliyezaliwa mwaka 1578. Alisoma Padua, katika nchi ya Italia, ambako mwalimu wake Fabricius alikuwa akiwaonyesha wanafunzi vile vilango vya vena. Harvey alifanya jambo ambalo mtoto wa shule aweza kulifanya: alipiga hesabu. Nasi twafanya hesabu hiyo darasani kwa vipimo vya leo. Kila pigo la moyo hutoa kadiri ya mililita 70 za damu, kama kikombe kidogo cha kahawa. Mapigo 70 kwa dakika ni karibu lita 5. Kwa saa moja ni karibu lita 300, yaani madebe 15. Lakini damu yote iliyo katika mtu mzima ni kama lita 5 tu, robo ya debe! Nani ala chakula cha kutengeneza madebe 15 ya damu kwa saa moja? Basi haiwezekani kuwa ni damu mpya kila mara. Ni damu ile ile, inazunguka. Harvey aliyaandika hayo katika kitabu kilichopigwa chapa Frankfurt mwaka 1628.

Tena alionyesha ushahidi katika mkono, nawe msomaji waweza kuujaribu. Funga kitambaa juu ya kiwiko kwa muda mfupi, si kwa kukaza mno, hata vena zitokeze. Bonyeza vena moja kwa kidole karibu na kiganja, na kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kiwiko, ukipite kifundo kidogo kinachoonekana kwenye mshipa. Hicho ndicho kilango. Kisha kiondoe kidole cha juu. Utaona kwamba sehemu ile yabaki tupu. Damu iliyo juu haishuki. Ondoa kidole cha chini, nayo yajaa mara moja kutoka upande wa kiganja. Halafu usisahau kukifungua kitambaa.

Neno moja Harvey hakuliona: ni kwa njia gani damu hutoka katika ateri ikaingia katika vena. Aliamini ya kwamba njia ipo, ingawa macho yake hayakuweza kuifikia. Alifariki mwaka 1657. Miaka 4 baadaye, mwaka 1661, Marcello Malpighi wa Italia alitazama mapafu ya chura kwa hadubini, akaziona kapilari. Njia ilikuwapo.

Sasa twaja kwenye sehemu ya somo ambayo ndiyo iliyotuhukumu. Kijijini kwetu mfereji haufunguliwi kwa mashamba yote kwa mara moja. Maji yangekwisha nguvu, wala shamba la mwisho lisingepata tone. Kwa hiyo kuna zamu, na kila tawi lina kizuizi chake cha udongo na majani ya migomba. Mwilini pia ni hivyo. Kabla ya kufika kwenye kapilari, ateri huwa ndogo sana, nazo ateri hizo ndogo zina misuli ya kuzibana na kuzilegeza. Ukila, njia za tumboni hulegea. Ukipanda mlima, za miguuni. Baridi ikija, za ngozini hubanwa ili joto lisipotee. Lile tabaka laini la ndani, ambalo watu walidhani kuwa ni kama chokaa tu ya ukutani, lina kazi kubwa katika jambo hili: hutoa hewa iitwayo oksidi ya nitriki, nayo huiambia misuli ya ukuta ilegee. Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuyavumbua mambo hayo.

Lakini njia nyingi zikibaki zimebanwa, au kuta zikipoteza ulaini wake, nguvu ya damu katika ateri huzidi. Hili ndilo shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha. Aliyelipima kwanza alikuwa mtumishi wa kanisa, Stephen Hales, mchungaji wa Teddington karibu na London. Aliingiza bomba katika ateri ya farasi jike, akaliunganisha na bomba refu la kioo lililosimama wima; damu ikapanda futi 8 na inchi 3. Aliyachapisha hayo mwaka 1733. Kwa mtu haikufaa kupima hivyo; basi mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia akatengeneza mkanda wa kufunga mkononi na kujazwa upepo. Na mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaonyesha jinsi ya kusikiliza mlio wa damu chini ya mkanda huo. Ndiyo sababu mwuguzi husoma hesabu mbili: ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya pili ni wakati unapopumzika. 120 kwa 80 ni kipimo chema. Kikionekana 140 kwa 90 au zaidi, tena zaidi ya siku moja, mtu huyo ana shinikizo la juu. Hesabu hizo ni milimita za zebaki, ambayo ni nzito. Kama ingekuwa damu yenyewe, 120 ingeipandisha zaidi ya mita moja na nusu.

Na jambo baya la ugonjwa huu ni kwamba kwa kawaida hauumi. Mfereji wetu ukiliwa kingo na maji mengi, hausemi neno. Kwa miaka kingo zinaliwa, na maji bado yafika shambani, na mwenye shamba anafurahi. Kadhalika damu yenye nguvu kupita kiasi huliharibu lile tabaka la ndani, kuta hukakamaa, mafuta hujishika humo, na njia huwa nyembamba. Tumbako na ugonjwa wa kisukari huzidisha uharibifu. Kisha siku moja mshipa wa ubongo huziba au hupasuka, nacho ndicho kiharusi. Hayo yote tulikuwa tumeyaandika katika daftari zetu za kufundishia.

Sasa turudi kwa Mwalimu. Alikuwa amekwisha kustaafu, analima migomba yake, na aghalabu jioni hupita shuleni kuketi nasi chini ya mparachichi. Jumapili moja wauguzi walikuja kanisani baada ya ibada kuwapima watu. Mwalimu akaonekana ana 180 kwa 110. Akapimwa tena siku nyingine, ikawa vivyo hivyo. Akapewa vidonge, akaambiwa ameze kimoja kila siku asiache, na kila mwezi ashuke kuchukua vingine, mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Miezi minne ilipopita, alikuja jioni moja akatuambia, "Wanangu, nimevimeza vidonge hivi kwa uaminifu. Kichwa hakiniumi, miguu hainiumi, nala vizuri, nalala vizuri. Mtu mzima ameze dawa ya nini? Ninyi mwaonaje?"

Tulikuwa watano chini ya mti ule. Kila mmoja wetu alilijua jibu. Lakini ni nani amsahihishaye aliyemfundisha kusoma? Tukatazamana. Mwishowe mmoja wetu akasema, "Mwalimu, mwili ni wako, waujua kuliko sisi." Wengine tukacheka kwa adabu, na mazungumzo yakaenda kwenye bei ya kahawa. Hatusemi ni nani aliyesema, kwa kuwa walionyamaza walisema yale yale. Mwalimu akaacha dawa. Nasi tuliiita hali ile heshima.

Mwezi wa tatu baada ya jioni ile, alfajiri, Mwalimu alitoka kwenda kufungua maji, kwa kuwa ilikuwa zamu yake, akaanguka kando ya mfereji. Aliyemwona wa kwanza ni jirani yake, ambaye juma lile lile walikuwa wamegombana kwa ajili ya zamu hiyo ya maji. Jirani alipiga yowe, akamwinua, akambeba mgongoni mpaka barabarani. Mwalimu akafikishwa hospitali akiwa hai. Lakini mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea kabisa, mdomo umekwenda upande, na ulimi wake haukuweza kutamka neno.

Kabla jua halijazama watu walikuwa na neno lao. Walisema, "Waligombana, na yeye ndiye aliyemkuta. Amemfunga ulimi asiseme shauri la maji." Walionena hivyo hawakuwa wapagani, tulikuwa tumeketi nao katika viti vya kanisa. Juma la pili mke wa jirani akichota maji, wenzake humpisha mbali. Shuleni tulimwona mtoto wake ameketi peke yake katika dawati la watu watatu. Tukawatazama watoto waliomkimbia, nao ni wale wale walioichora mishipa vizuri na kupata maksi zote katika mtihani wetu.

Ndipo tulipoona aibu yetu jinsi ilivyo. Somo letu lilikuwa limewapa watoto majina ya mishipa, lakini halikuwapa neno la kumtetea mtu asiye na hatia. Wala halikutupa sisi wenyewe ujasiri wa kumwambia mzee tumpendaye, "La, Mwalimu, usiache."

Tulikwenda kwa mchungaji, tukamweleza yote. Alitupa nafasi baada ya ibada. Tukaubeba ubao wa shule mpaka kanisani, tukachora ubongo na mishipa yake. Tulieleza kwamba upande wa kushoto wa ubongo ndio utawalao mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio pia utawalao usemi. Basi mshipa mmoja ukiharibika upande huo, mkono wa kulia hulegea na ulimi hufungwa pamoja, kwa sababu moja, bila adui yeyote. Kisha tukasema habari ya vidonge, na swali la chini ya mparachichi, na jibu letu. Tukasema, "Mkitafuta watu wenye kosa katika jambo hili, ni sisi watano, wala si yule aliyembeba mgongoni."

Kanisa lilinyamaza. Mke wa Mwalimu akainuka mahali pake, akaenda mpaka kiti cha nyuma, akampa mkono mke wa jirani, akaketi karibu naye. Hatusemi kwamba wote waliamini. Wako ambao hata leo hunong'ona. Lakini siku ile ya Jumatatu yule mtoto alikuwa na wenzake wawili katika dawati.

Mwalimu alirudi nyumbani baada ya majuma kadhaa. Sasa atembea kwa fimbo, na maneno machache yameanza kumrudia. Tulipokwenda kumwungama kosa letu alikuwa bado hajaweza kusema. Tulisema yote, tukaomba atusamehe. Akatuangalia kwa muda, kisha akaonyesha kibao cha kuandikia cha mjukuu wake. Tukampa. Akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, neno moja: RUDIA.

Hatukuuliza maana yake. Kwa hiyo mwaka huu tumelirudia somo, darasani na kanisani, na sasa katika gazeti hili. Tunalirudia hivi, ndugu wasomaji. Mtu mzima apimwe shinikizo la damu, hata kama haumwi. Kipimo hakimtoi mtu damu wala hakimchukulii dakika nyingi. Aliyepewa dawa aendelee nayo, asiiache kwa sababu ajiona mzima. Huenda ajiona mzima kwa kuwa aimeza. Ikiwa dawa yamsumbua, au safari ya kuifuata yamshinda, na amwambie daktari, au watoto wake wamfuatie. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika vyakula vya dukani. Tumbako iachwe. Na mtu akipinda mdomo ghafula, au mkono ukalegea, au maneno yakamvurugika, msimtafute mchawi. Mtafuteni mwenye gari, upesi, maana ubongo haungoji.

Tena ninyi mlio vijana mliosoma, mzee akiwauliza neno mnalolijua, mjibuni. Mweza kuinama, mweza kumwita Baba, mweza kuanza kwa kuomba radhi, lakini mjibuni. Mtume aliwafundisha Wakorintho habari za mwili mmoja wenye viungo vingi, kila kiungo kikimhitaji mwenzake. Damu haiogopi kupanda kutoka mguuni hata kichwani, kwa maana imepewa vilango vya kuitegemeza. Nasi tumepewa ndimi, tena zetu hazijafungwa.

Mungu awalinde nyote.

Ndisi, walimu wenu wa shule ya mlimani.